Uwanja Tulioufunga Ili Twende Mbali

Vijana wangu, juzi mlipokuja kwangu Shangani, mke wangu Zainabu aliwaambia mlangoni, "Msingoje akae, huyu hakai." Mkacheka, lakini hakuwa anatania. Tangu macho yanikatalie kazi ya kuchomelea, kukaa kumenishinda. Alininunulia kiti kizuri nipunge upepo barazani, sasa anakikalia jirani. Hata haya nayaandika kwa kusimama, karatasi iko juu ya friji, na nikiandika mistari miwili natoka kwenda kuangalia geti kana kwamba kuna mtu kagonga.

Mliniuliza: klabu iweke nguvu kwenye mbio zetu za nyumbani na za mikoa hii ya kusini, au ipokee mwaliko wa kwenda kushindana nje? Nikawajibu, "Vyote viwili," mkaondoka mnatazamana. Lile halikuwa jibu. Ilikuwa njia ya kuwatoa nyumbani kabla sijaanza kupiga kelele. Jibu lenyewe ni refu, lina mtu ndani yake, na mtu huyo tumemzika.

Nianze na kazi, maana wengine mmejiunga majuzi na mnadhani gari la mbio ni injini. Gari letu ni saluni kuukuu iliyochoka kubeba abiria. Tunaivua viti, vioo, zulia, kila kitu, mpaka inabaki bati na roho. Kisha ndani yake tunajenga kizimba cha mabomba, ili gari likipinduka bati libonyee, dereva asibonyee. Hapo ndipo linaingia kwenye njia ya udongo ya duara, nyuma ya mikorosho ya Ziwani, linasuguana na wenzake ubavu kwa ubavu mpaka bendera ishuke. Mimi nilikuwa fundi wa vizimba. Mafundi wa injini waliringa, na walikuwa na haki, maana injini ikilia vizuri kila mtu anasikia. Kizimba kikiwa kizuri hakuna anayekiona. Siku kinapoonekana, watu wote wameshika vichwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Mfaume, Mmakonde wa Newala, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Hatukuwa na mashine ya kukunjia mabomba. Unaziba upande mmoja kwa kipande cha mti, unajaza mchanga, unaugongagonga ushuke, unaziba upande wa pili, ndipo unapasha moto na kukunja taratibu. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee kwenye kona. Lakini lazima uukaange kwanza kwenye bati mpaka ukauke kabisa. Siku moja kijana mwenzangu alikuwa na haraka, akachota mchanga uliolala nje na umande. Bomba likashika moto, mvuke ukakosa pa kutokea, kizibo kikafyatuka, kikapasua ukuta wa makuti wa jirani na kutua ndani ya sufuria la mchuzi. Mama mwenye sufuria akatoka na mwiko. Mzee Mfaume hakugomba. Alimtazama yule kijana, akasema kwa lafudhi yake, "Nchanga mbichi ni bunduki, ntoto. Na wewe umempiga nke wa ntu." Siku ile mboga yetu ilihamia kwa jirani, tukala ugali na chumvi.

Kabla ya Ziwani tulikuwa tunakimbizana ufukweni Msimbati, maji yakipwa. Mchanga wa pale ni mgumu, gari linapita kama kwenye lami. Ubaya wa uwanja ule ni kwamba una mwenyewe, na mwenyewe anarudi. Fundi mmoja wa injini, nisimtaje maana tunaswali msikiti mmoja, alilaza gari akawa anasafisha kabureta. Kila tukimwambia maji yanajaa anajibu, "Namalizia." Bahari ikamsaidia kumalizia. Wavuvi ndio waliolivuta gari kwa kamba, na walipofungua boneti wakakuta samaki, wakasema huyo ni wa kwao. Hakuna aliyebisha.

Baada ya hapo mkulima mmoja wa Ziwani akatupa kipande cha ardhi kilichokuwa hakioti kitu. Tukachimba duara, tukapanga matairi yaliyojazwa mchanga kwenye kona, tukamwaga maganda ya korosho kupunguza vumbi. Mafuta ya yale maganda yanaunguza ngozi. Ndiyo maana nawakemea mnaokuja uwanjani na ndala.

Somoe alitufikia akiwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa anaendesha pikapu ya mjomba wake kutoka Msimbati hadi sokoni mjini, na aliyejifunza udereva kwenye barabara ile ya mchanga, barafu inayeyuka nyuma na wanunuzi wanangoja mbele, hana haja ya mwalimu mwingine. Siku ya kwanza uwanjani aliwapita wanaume waliokuwa wanampangia bei ya pono wiki iliyotangulia. Aliposhuka hakushangilia. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mjomba. Hili bomba la kushoto linanigonga goti."

"Marahaba. Sogeza kiti."

"Nikisogeza kiti sifiki breki. Sogeza bomba."

Nikasogeza bomba. Tangu siku ile nikawa mjomba wake kwelikweli.

Alikuwa na mdogo wake, Shaibu. Yeye naye aliendesha, kwenye kundi la wanaoanza. Alikuwa mcheshi, mwepesi, anapendwa na kila gereji ya mjini. Kitu kimoja tu hakukiweza, kungoja. Ukimwambia gundi haijakauka, anaigusa.

Sasa nifike kwenye mkutano. Bwana Karim ni mzaliwa wa Mikindani aliyefanikiwa Dar es Salaam. Msimfanye shetani katika hadithi hii, maana hakuwa. Alikuja akamwona Somoe akikimbia, akarudi tena, mara ya tatu akaomba klabu ikutane. Tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika videvuni.

"Mtazunguka kwenye vumbi hili mpaka lini?" akasema. "Huyu binti anatakiwa aonekane. Nitampeleka Zambia, kisha Afrika Kusini, kisha Mungu akipenda mbali zaidi. Jina la Mtwara litasomwa. Lakini siwezi kugharamia huku na huko. Gari la maji, gari la huduma ya kwanza, mafundi, vyote viende na safari. Ziwani isimame msimu mmoja."

Mzee Mfaume alikuwa ameshakuwa dhaifu. Akainuka kwa kushika dawati. "Ukiezua nyumba ya mama yako upate makuti ya kujengea ugenini," akasema, "nvua ikija, mama alale wapi?"

Nami nikasema yangu. Nilisema twende, tena nilitaka kwenda. Tangu ujana wangu nilikuwa natamani kuona vizimba vya wenzetu vikoje. Lakini nikaomba gari la huduma libaki, na mtu wa bendera abaki, mbio ziendelee hata zikiwa ndogo. Mwenyekiti akanikata: "Fundi, kitumbua kimoja hakigawiwi msikiti mzima."

Ndipo Shaibu akanyoosha mkono kule nyuma. "Na sisi tunaobaki, tukimbie wapi?"

"Ngojeni," akajibu mwenyekiti. "Msimu mmoja tu."

Watu wakacheka, kwa sababu aliyekuwa anaambiwa angoje ni Shaibu. Yeye mwenyewe alicheka. Kura zikapigwa, safari ikapita.

Tuliondoka na lori, gari la Somoe limefungwa kamba juu yake, gari la huduma linatufuata. Tukapita Masasi, Tunduru, Songea, mpaka Tunduma. Njia nzima miguu yangu ilikuwa inakanyaga breki zisizokuwepo. Zainabu akipiga simu namuuliza habari za Ziwani, ananijibu, "Ziwani iko palepale, nyasi zinaota."

Huko Zambia tukakutana na mkaguzi wa magari, mtu mnene, mpole, jina lake Banda. Alikagua gari letu akiwa amechuchumaa muda mrefu kuliko nilivyodhani mwili ule ungeweza. Kisha akapitisha kioo kidogo juu ya kizimba, pale bomba linapokaribia paa, akatingisha kichwa. Akasema kwa Kiingereza, Somoe akanigeuzia.

"Anasema umechomelea upande unaoonekana tu. Huku juu, nyuma ya bomba, pako wazi."

"Mwambie paa linazuia. Mkono haupiti, wala kijiti cha kuchomelea hakipiti."

Somoe akamwambia. Banda akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyewahi kukwama palepale. Akachora kwa kidole vumbini. Unatoboa matundu sakafuni mwa gari, unakiacha kizimba kishuke kupitia matundu yale, sasa juu panakuwa na nafasi, unachomelea maungio duara zima. Ukimaliza unakiinua kirudi mahali pake, unaweka mabamba mazito chini ya miguu yake, unachomelea na sakafu.

Nilikitazama kile kimchoro. Miaka yote tulikuwa tunahangaika kupenyeza mkono juu, kumbe kizimba ndicho kinachotakiwa kishuke. Nilimtamani Mzee Mfaume awe pale aone. Tukaazima mashine, tukashinda juani kutwa, mpaka Banda akarudi na kioo chake na kusema sawa. Ndiyo maana nasema kusafiri kuna faida yake, na anayewaambia msitoke hajui anachowanyima. Kila gari linalopita Ziwani leo limeshushwa kizimba namna ile.

Somoe alianza nyuma kabisa kwa sababu tulichelewa ukaguzi. Sikuweza kutazama, nilitembea nyuma ya magari nikisikiliza mlio wa injini yake ukiwapita wengine mmojammoja. Alimaliza miongoni mwa wa mbele. Mwenye timu moja ya Afrika Kusini akaja na kadi yake, akamwambia ana nafasi ya dereva. Jioni ile Somoe alicheka sana, akampigia mdogo wake simu, wakapiga kelele wote wawili mpaka watu wakageuka.

Siku mbili baadaye, asubuhi tuliyokuwa tunafunga mizigo, Zainabu akanipigia.

"Uko na Somoe hapo?"

"Yupo, anakunywa chai."

"Basi sogea mbali naye."

Nikasogea.

Shaibu na wenzake walichoka kungoja. Walianza kukimbizana kwenye barabara ya Msimbati alasiri, watu wakiwa mashambani. Jana yake alikuwa na furaha ya dada yake mwilini. Lori la nazi likatoka njia ya pembeni. Gari lake halikuwa na kizimba, halikuwa hata na mkanda. Walimtoa akiwa bado anaongea, wakatafuta usafiri wa kumfikisha hospitali, wakapata bajaji, haikuwahi. Gari la huduma lilikuwa mbele yangu pale Zambia, limeegeshwa kivulini, dereva wake analipiga picha.

Nilirudi kwa Somoe. Sijui nilianzaje. Najua aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Alivaa kofia?"

"Sijui, mwanangu."

Akainuka akaanza kufunga kamba za gari lake juu ya lori. Tulipojaribu kumsaidia alitusukuma. Alizifunga zote peke yake, fundo kwa fundo, na njia nzima ya kurudi hakuomba tusimame hata kunywa maji. Tulifika mdogo wake ameshazikwa, udongo wa kaburi umeshaanza kukauka.

Mwenyekiti alikuja matangani. Alikaa mkekani na wanaume, akasoma dua, kisha akaomba kumpa mkono wa pole Somoe. Somoe akatoka ndani, kanga kichwani, akasimama mbele yake.

"Mlimwambia angoje nini?" akamuuliza.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu zake, na zilikuwa sawa kwenye karatasi. Akaondoka bila kuvaa viatu vyake, mtoto akamkimbilia navyo.

Baada ya arobaini Somoe akaja gereji. Begi lilikuwa begani.

"Mjomba, naondoka. Nimekubali ile nafasi ya Afrika Kusini."

Nilikasirika. Nilitupa grenda mezani mpaka ikaruka. "Udongo wa Shaibu haujakaa sawa, wewe unafunga begi? Safari ndiyo iliyomuua!"

"Safari haikumuua." Hakupandisha sauti. "Mlifunga uwanja. Ni vitu viwili. Na mimi nikibaki hapa kila siku nitapita ile barabara na samaki. Unataka nipite mara ngapi ndipo uone nimehuzunika vya kutosha?"

Akatoa simu, akampigia Bwana Karim, akaiweka sauti wazi juu ya meza yangu ya kazi.

"Jina langu unalitaka kwenye mabango yako," akasema. "Nimekubali. Lakini Ziwani isipofunguliwa, sipandi gari lako wala la mtu mwingine."

Naye akajibu, "Somoe, pole sana. Lakini hayo ni mambo mawili."

"Kwangu ni jambo moja, kaka Karim. Nimelizika."

Bwana Karim hakukata simu. Mwisho akasema, "Nipe mpaka Ijumaa." Ijumaa gari la maji lilikuwa Ziwani linamwagilia nyasi tulizokuwa tunazing'oa. Na gari la huduma, mnaona wenyewe, tuliandika kwenye kanuni za klabu kwamba halitoki nje ya wilaya kwa sababu yoyote. Wanaosafiri wakodi lao. Wengine wenu mnaiona ile kanuni ni ya kizamani na mmeniomba niwasaidie kuibadilisha. Sasa mnajua kwa nini nilitoka nje kwenda kuangalia geti.

Somoe hakuwa maarufu kama Bwana Karim alivyoahidi. Ameshinda mbio kadhaa, amevunjika mkono, siku hizi anafundisha madereva huko Afrika Kusini. Huja Idi, tunakula pamoja, anawapa wajukuu wangu zawadi. Lakini kuna mahali katika mazungumzo tunafika wote wawili na kugeuza njia. Mimi bado sehemu yangu moja inasema angebaki. Sehemu nyingine inasema angebaki angekuwa amekufa akiwa anatembea. Zinagombana humu ndani kila siku, na mimi natembea uani nikizisuluhisha, hazisuluhishiki.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nendeni. Mkafunzwe, mkashindwe, mkaone kioo cha mtu kinapita nyuma ya kazi yenu. Lakini siku mtakayoondoka, Ziwani pawe na mbio. Wanaobaki wasiambiwe wangoje. Mwaliko ukisema chagueni, urudisheni kwa heshima, mseme mtasubiri mwingine.

Wala msidhani naisifia Ziwani kwa sababu ni salama. Jumamosi iliyopita mlikuwepo. Mlimwona Rukia, yule binti wa palepale Ziwani anayelima mihogo na mama yake, akiingia mbio zake za kwanza. Mimi nilikuwa kona ya pili, kwenye matairi. Alimpita mmoja, akampita wa pili, kisha gurudumu lake likapanda ukingo, na gari likainuka. Lilipinduka, likapinduka tena, likatua kwa paa ndani ya vumbi. Mzee wenu nilikimbia, mimi ambaye goti linaniuma kupanda ngazi za msikiti. Nilianguka, nikainuka. Nilikuwa nasema jina, na Zainabu, aliyekuwa nyuma yangu, ananiambia halikuwa la Rukia.

Nikafika. Watu wa huduma wameshafika. Wavu wa dirisha ukafunguliwa kutoka ndani. Ukatoka mkono, kisha mwingine, kisha binti mzima, mwekundu kwa udongo kuanzia kofia mpaka viatu, damu kidogo kwenye mdomo. Akatazama huku na huku mpaka akaniona.

"Babu," akasema, "nimekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, mjukuu wangu," nikamwambia. "Wa mwisho kabisa." Nikakaa chini palepale kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu, sikutaka kuinuka.